Maiki ya Chumba cha Mashahidi

Watu kumi na wanne walikufa katika moto wa mgodi wa Phefo. Wale wa kwetu tuliwazika wenyewe, na majeneza ya wale wa mbali tukayasindikiza mpaka barabara kuu. Tangu siku hiyo sisi wa Thabaneng tulitaka kujua jambo moja tu. Chini kule kuna chumba cha kujiokolea, chenye hewa yake na maji yake. Ilikuwaje watu wakutwe wamekufa hatua nane kutoka mlangoni pake?

Serikali iliunda tume, nayo tume ikaketi katika ukumbi wa manispaa mwezi wa Agosti, wakati upepo unaokota vumbi la machimbo na kulileta hadi kwenye sahani ya mtu. Kazi ya sauti ilipewa kampuni ndogo ya Segokgo, na Segokgo akamweka mpwa wake, Gaolatlhe Mothibedi, binti wa miaka ishirini na sita, kuiendesha. Tulimwita Gao. Baba yake aliondoka Gao akiwa na miaka mitano, akaenda Kimberley na hakurudi. Aliyemsomesha, akamnunulia viatu vya shule, akampeleka chuo cha ufundi, akamfundisha kazi kwa mkono wake, ni huyo mjomba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zamani kila maiki ilikuwa na waya wake mnene unaotambaa sakafuni. Siku hizi sauti zote hupita katika mtandao mmoja, kwenye waya mwembamba kama ule wa kompyuta za ofisini, na fundi ndiye anayeamua ipi iende wapi. Kwenye skrini ya Gao kulikuwa na jedwali kubwa. Juu, majina ya maiki zote; pembeni, majina ya spika na hedifoni zote. Pale viwili vinapokutana, unabonyeza, alama ya vema ya kijani inatokea, na sauti inakwenda. Sauti ya jaji iende kwa wakalimani. Sauti ya mkalimani wa Kixhosa iende kwa wanaosikiliza Kixhosa, ya Kichangana iende kwa watu wa Msumbiji, ya Kitswana ije kwetu. Ukikosea mraba mmoja, mjane anasikia lugha asiyoijua siku anayoelezwa mumewe alivyokufa.

Gao hakukosea. Alikaa juu kabisa nyuma ya ukumbi, katika kijichumba kilichokuwa cha mashine ya sinema enzi hizo, chenye kidirisha kimoja cha kutazamia chini na ngazi nyembamba ya kupandia. Alijua kukohoa kwa kila wakili.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na chumba cha mashahidi. Humo mashahidi walisubiri zamu na kuzungumza na wakili wao. Paliwekwa spika, ili waliomo wasikie yanayoendelea ukumbini, na maiki moja, kwa ajili ya shahidi atakayeogopa kukaa mbele za watu. Amri ya jaji ilikuwa wazi: maiki ile haifunguliwi mpaka yeye aseme.

Siku ya sita alisimama Nozuko Mafani, mjane kutoka Lusikisiki. Alisema marehemu mumewe alimwambia kwamba mlango wa chumba cha kujiokolea ulikuwa umefungwa kwa kufuli miezi miwili kabla ya moto, kwa sababu maji na biskuti za humo zilikuwa zinaibwa. Kisha akainuka wakili wa mgodi, Buitendag, mtu mrefu mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, mama. Naomba unisaidie kidogo. Marehemu alikuambia haya lini?"

"Wiki ile ile ya moto. Jioni, tukila."

"Mkila wapi? Maana wiki mbili za mwisho kabla ya moto mumeo hakuwa akilala kwako. Ulimfukuza. Mligombana kwa sababu ya mwanamke wa Marikeng. Au nakosea?"

Mama Nozuko alimgeukia wakili wake. Alikuwa amemfukuza, kweli, na mumewe alikuwa akija kula na kuondoka. Lakini hilo la mwanamke hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani, ila wakili wake, asubuhi ile ile, katika chumba cha mashahidi.

"Nani amekwambia?" akauliza. Mkalimani alitafsiri kwa sauti iliyopungua nguvu. "Nani amekwambia hayo, mwanangu?"

Buitendag akasema hana swali jingine.

Wajane walitazamana. Kisha, mmoja mmoja, wakamtazama Eugénio Cossa. Cossa alikuwa dereva wa treni ndogo ya chini ya ardhi, mtu wa Msumbiji, mmoja wa watatu waliotoka hai. Asubuhi ile alikuwa amekaa pembeni katika chumba kile akisubiri zamu yake. Hawakuhitaji ushahidi mwingine.

"Kanunuliwa huyo," mwanamke mmoja alisema wakati wa chai, bila kushusha sauti. "Mtu anatoka hai, na hata mkono haujaungua. Muulize alitoka vipi."

"Mama, mimi sijasema kitu kwa mtu," Cossa akajibu kwa Kitswana chake cha mgodini.

"Nyamaza! Kunywa chai yako ya bure."

Akaiweka chai chini. Kuanzia hapo alikaa peke yake, kwenye ngazi za nje, upande wa upepo.

Gao aliyaona yote kupitia kidirisha chake. Jioni, alipokuwa akikagua jedwali kabla ya kufunga, jicho lake likanasa kwenye mraba ambao hakuwahi kuugusa. Maiki ya chumba cha mashahidi ilikuwa na alama ya vema. Ilikuwa inakwenda mahali palipoandikwa Ghala 2.

Akadhani ni kosa. Akaifuta, akaenda nyumbani.

Asubuhi, Ijumaa, ilikuwa imerudi.

Mtambo ule hutunza kumbukumbu ya kila kinachobadilishwa, akaifungua. Alama ilikuwa imewekwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Kompyuta: yake. Jina la mtumiaji: Gaolatlhe M. Saa moja na dakika kumi yeye alikuwa nje getini ananunua magwinya, maandazi ya huku kwetu, na chai, kama kila siku.

Akashuka. Ghala la pili lilikuwa la viti vibovu, nyuma ya jukwaa. Nyuma ya lundo la viti alikuta kisanduku kidogo chenye taa ya kijani, waya umechomekwa ukutani, na hedifoni juu ya kiti kimoja kizima. Kando ya kiti kulikuwa na kikombe cha kahawa. Alikigusa. Kilikuwa bado na joto. Ghala lile lilikuwa na mlango wa pili, na mlango huo ulitokea kwenye kibaraza cha ofisi waliyopewa mawakili wa mgodi.

Nywila ya kompyuta yake waliijua watu wawili tu.

Mchana akamkuta mjomba wake kwenye gari lake la mizigo nyuma ya ukumbi, anakula ugali na utumbo kwenye bakuli la plastiki. Segokgo alikuwa mtu wa mwili, mcheshi, asiyepita mahali bila kusalimia. Akamsogezea bakuli.

"Umekula wewe? Kaa. Umekonda kama waya wa simu."

"Mjomba, nani kaweka kisanduku ghala la pili?"

"Kisanduku gani?"

"Chenye hedifoni."

Segokgo akatafuna pole pole mpaka akamaliza. Akapangusa vidole. "Gao, kuna vitu mtu anaviona njiani anaviruka, kama mavi ya ng'ombe. Huinami kuyachunguza."

"Wale ni wajane, mjomba."

"Na mimi ni nani? Watu tisa wanakula kwangu, mama yako mmojawapo. Mgodi una kumbi nne, una mikutano ya usalama kila wiki, una matangazo ya chini ya ardhi. Wameniambia kazi yote hiyo itakuwa yangu. Unadhani wanaitoa kwa sababu ya sura yangu nzuri?"

"Nitamwambia jaji."

"Mwambie." Hakukasirika, hilo ndilo lililomtisha Gao. "Atakuuliza nani alifungua maiki. Kompyuta itajibu yenyewe. Itasema Gaolatlhe. Utasema si mimi, ni mjomba wangu. Watakuamini?"

"Umetumia jina langu."

"Jina hilo la kazi nilikupa mimi. Na kazi nilikupa mimi." Kisha akalainisha sauti, ikawa ile sauti aliyokuwa akimwamshia shule. "Mwanangu, tume inaisha wiki mbili hizi. Desemba watu wa mchumba wako Tshiamo wanakuja kuzungumza ng'ombe wa mahari. Nani atakaa kitini kuwapokea? Baba yako? Ukiwa mahabusu watakuja kuzungumza na nani?"

Kwetu binti haolewi bila mjomba. Gao alilijua hilo, na mjomba alijua kwamba analijua. Akarudi juu kwenye kijichumba chake. Mchana mzima alibonyeza alama zake, Kixhosa huku, Kichangana kule. Kisanduku cha ghala hakukigusa. Akikizima, kitawashwa. Akisema, ndiye mwizi. Akiondoka kazini, atawekwa mwingine, na jina lake litabaki mle ndani likifunguliwa kila asubuhi saa moja na dakika kumi.

Jumamosi alijaribu kwa mama yake. Mama alikuwa anaanika nguo.

"Mama, mjomba akikosea, anaambiwa na nani?"

"Kakosea nini?"

"Nauliza tu."

Mama akabana shuka kwa kibanio. "Kaka yangu aliuza gari lake la kwanza ili wewe usome. Siku unapotafuta makosa yake, anzia hapo." Wala hakugeuka. Gao akachukua beseni tupu akalipeleka ndani.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya Cossa kutoa ushahidi. Jumatatu saa nne, wakati ukumbi una mapumziko, angekaa na wakili wa wajane, Ndamase, msichana wa watu asiyelala, katika chumba cha mashahidi, wapange maneno. Saa nne kasoro, Segokgo akapanda ngazi. Alivuta kiti akakiweka mbele ya mlango, akakaa, akafungua gazeti.

"Leo nitakusaidia," akasema.

"Hakuna kazi ya kusaidiwa sasa hivi."

"Basi nitakaa na wewe. Mjomba hawezi kukaa na mpwa wake?"

Kijichumba kilikuwa na nafasi ya watu wawili waliobanana. Gao aliweza kusikia pumzi ya mjomba wake na harufu ya tumbaku ya koti lake. Akavaa hedifoni. Akabonyeza kimya kimya ili asikie maiki ya chumba cha mashahidi, na mle akamsikia Cossa anavuta kiti.

"Mimi wananiita msaliti, dada wakili," Cossa alikuwa akisema. "Mama Nozuko nilimchimbia mumewe njia kwa mikono hii, leo hanijibu salamu. Sawa. Nitasema tu. Kufuli niliiona. Niliipiga kwa jiwe mpaka moshi ukanishinda."

"Buitendag atasema ni neno lako peke yako," Ndamase akajibu.

"Si langu peke yangu. Yuko mtu. Bado yuko kazini, zamu ya mchana. Yeye ndiye aliyepewa ufunguo, na bosi aliyempa alimwandikia karatasi. Karatasi anayo. Anaogopa. Amesema atakuja akihakikishiwa ulinzi."

"Anaitwa nani?"

Hapo Gao akaona kitakachotokea kama mtu anayeona gari linarudi nyuma kumwelekea mtoto. Jina lile likitamkwa, kabla ya saa sita mtu huyo atakuwa ameitwa ofisini, na karatasi itakuwa majivu. Cossa akakohoa. Akasema, "Utaliandika? Usiliandike."

Mkono wa Gao ukaenda wenyewe. Aliitafuta maiki yake mwenyewe, ile ya kuzungumzia na wakalimani, akashuka na mstari wake mpaka kwenye spika ya chumba cha mashahidi, akabonyeza. Vema ya kijani.

"Unafanya nini?" Segokgo akashusha gazeti.

"Baba Cossa, usitaje jina!" Gao akasema kwenye maiki, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Usimtaje! Chumba kina masikio. Maiki imefunguliwa, inakwenda ghala la pili, kuna mtu anawasikiliza. Ni mimi Gaolatlhe, fundi wa sauti. Niko huku juu. Sio Cossa aliyewauza wajane, ni maiki—"

Mjomba alikwisha kuifikia meza. Alikamata nyaya zote kwa mkono mmoja akazing'oa, na skrini ikaonyesha alama nyekundu kutoka juu hadi chini. Bakuli la kalamu likaanguka. Walisikia, mbali, chini, mlango unagonga ukuta, viti vinaporomoka, na sauti ya Ndamase ikipiga kelele kwamba mtu huyu asiondoke. Baadaye tuliambiwa alimkuta karani wa Buitendag ameinama kati ya viti vibovu, hedifoni bado shingoni.

"Umeniua," Segokgo akasema.

"Nipishe mlangoni, mjomba."

Hakumpisha. Alirudi akakaa kwenye kile kiti, mgongo kwenye mlango, mikono magotini. Hakuwa na sura ya mtu anayemzuia mtu. Gao alisimama mbele yake. Hapakuwa na pa kukaa wala pa kupita. Dakika ngapi, yeye mwenyewe hawezi kusema. Aliona mvi zilizoota kwenye nyusi za mjomba wake ambazo hakuwahi kuziona, akataka kulia, na hakutaka alie mbele yake. Askari alipogonga, Segokgo ndiye aliyefungua. Akanyoosha kidole nyuma.

"Kompyuta ni ya huyu," akasema.

Walimchukua Gao pamoja na kompyuta. Kwa siku nne walimuuliza maswali yale yale katika kituo cha polisi, na kila walipochapisha kumbukumbu za mtambo, jina lilikuwa lake. Alijibu ukweli na ukweli ulisikika kama uongo wa mtoto. Walipomwachia kwa dhamana, waliandika asikaribie ukumbi.

Kwa hiyo Cossa alipotoa ushahidi wake, ulioahirishwa kwa ajili ya mkasa ule, Gao alikuwa nje ng'ambo ya barabara, pamoja na sisi tuliokosa nafasi, tukisikiliza spika za uani. Fundi mwingine alikuwa ameletwa, na sauti ilikuwa na mwangwi. "Kaiacha maiki ya jaji wazi," Gao alinong'ona, akiuma ukucha. Cossa alieleza kufuli. Alieleza jiwe. Alieleza watu aliowaacha wanagonga mlango, akawataja kwa majina, wote kumi na wanne, na Mafani, mume wa Nozuko, miongoni mwao. Jumatatu iliyofuata yule mtu wa zamu ya mchana alikuja mwenyewe, kati ya maafisa wawili wa chama cha wafanyakazi, na karatasi ndani ya Biblia. Mama Nozuko alimwendea Cossa kwenye ngazi. Hakumwomba msamaha kwa maneno. Alimwambia ahame upande ule, upepo ni mbaya.

Mabosi wawili wa mgodi walishtakiwa. Buitendag alijitoa, akasema hakujua karani wake anafanya nini, wapo wanaomwamini. Ya Gao yalichukua miezi miwili na nusu. Mtaalamu kutoka Pretoria alikifungua kile kisanduku cha ghala na kukuta kwamba siku ya kwanza kabisa kilitayarishwa kwa kompyuta nyingine, na kompyuta hiyo ilikutwa kwenye gari la mizigo la Segokgo, chini ya kiti. Hapo akakiri. Alipewa kifungo cha nje na kampuni ikafa. Watu tisa wakatafuta pengine pa kula.

Gao alisafishwa jina, lakini nani wa kumwajiri? Kumbi zote kubwa huku ni za mgodi. Alipata kibarua cha kutengeneza redio na simu katika duka la Mhindi mmoja. Desemba, mama yake aliwatumia watu wa Tshiamo ujumbe kwamba wangoje, bila kusema wangoje mpaka lini. Ndani ya nyumba ile mama na binti walipakuliana chakula, wakaambiana maji yamekatika, paka hajarudi. Zaidi ya hapo, kimya.

Mwezi wa pili, Jumapili, mama alitoka na chakula kwenda kwa kaka yake, kama alivyofanya kila wiki. Aliporudi alimkuta Gao uani anasuka nywele zake mwenyewe, anahangaika na nyuma asikokuona. Mama akaweka bakuli tupu chini, akavuta kigoda, akakichukua kitana mkononi mwake.

"Amekonda," mama akasema. "Hata mbwa wake hamfuati."

Gao akampitishia uzi wa kusukia.

"Nimemuuliza leo. Nikamwambia, yule mtoto ungemwacha afungwe? Akaniambia, sijui, dada. Hivyo tu. Sijui." Mama akachambua nywele, akaanza mstari mpya, mkono wake mgumu kama zamani. "Na mimi kama ningekuwa wewe, siku ile, ningenyamaza. Nakuambia ukweli. Ningenyamaza, wale wanawake wangepotea, na ningelala usingizi. Ndiyo maana nimekaa miezi yote hii sijui nikuambie nini."

"Mama—"

"Inamisha kichwa. Usipoinamisha nitakupindia mstari."

Gao akainamisha kichwa.